Chini ya Dawati

Likizo ya Agosti. Baridi imetukalia mabegani,
walimu arobaini na wawili ndani ya bwalo la shule moja Kariobangi,
kwenye viti vya watoto, magoti yakisalimiana na videvu.
Ukutani kuna karatasi kubwa: MATARAJIO YETU.
Mtu ameandika, kujifunza mbinu mpya.
Mwingine, chakula kiive.
Mwandiko wa tatu ni wangu: nauli itoke leo.

Miaka ishirini na miwili nashika chaki.
Warsha nimezijua hadi kwa harufu:
wino wa kalamu nene, chai ya maziwa iliyoungua kidogo,
koti la mwezeshaji lililotoka kwa dobi jana.
Mtaala nao umebadilishwa mikononi mwangu
kama mtoto anayevuliwa na kuvishwa wageni wakiwa mlangoni.
Nilikuja na uzi wangu wa kufuma. Sikuuficha.

Bwana Tirop alikuwa na slaidi sitini na nne.
Umeme ukapotea kwenye ya tisa.
Akabaki mkono hewani, akituonyesha ukuta,
nasi, Mungu atusamehe, tukacheka kama darasa la nne.

Ndipo akauliza, kwa sauti yake mwenyewe sasa:
"Mtoto akiingia chini ya dawati akatae kutoka, mnafanyaje?"
Kundi letu likaandika: kumshauri. Kumwita mzazi.
Kumwelekeza kwa mshauri nasaha.
Mwalimu Obuya akaongeza, kuzingatia mahitaji yake,
akaipigia mstari mara mbili, kisha akaninong'oneza,
"Mimi humvuta mguu."

Nyuma, karibu na birika,
aliketi Bi. Mutheu, msaidizi wa darasa letu la chekechea.
Hakuwa na kadi ya jina. Orodha ilisema "walimu",
naye aliambiwa na mwalimu mkuu, nenda tu, utasaidia kupakua.

"Mimi huingia naye," alisema.
"Samahani?"
"Huingia. Chini ya dawati. Nalala ubavu,
maana goti hili la kushoto halikunji.
Simsemeshi. Nina kizibo cha soda mfukoni,
nakizungusha sakafuni. Kikilala, nakizungusha tena.
Kuna siku tulikaa hadi kengele ya pili.
Akitaka atanyoosha mkono. Asipotaka,
basi, si angalau tulikuwa wawili."

Hakuna aliyeandika.
Huko nje mtu alikuwa anakwangua ukoko wa sufuria.
Bwana Tirop akaitazama karatasi yake yenye safu,
Tatizo, Mbinu, Kiashiria,
asijue kizibo akiweke wapi.

Umeme ukarudi saa nane. Tukazimaliza slaidi zote.
Chakula kilikuwa kimeiva. Nauli ilitoka, pungufu ya shilingi hamsini.
Vyeti vilipogawiwa Bi. Mutheu alikuwa anaosha sahani,
na hata angekuwepo hakikuwepo chake.
Ningependa kusema nilimpa changu.
Sikumpa. Nilikihitaji. Wanaopandisha vyeo huvihesabu.

Muhula ulifunguliwa. Jumanne, katikati ya hesabu,
Nyaboke akateleza kutoka kitini kama maji,
akaenda chini.
Mdomo wangu ulishaanza, kwa mazoea: moja, mbili,
na kwenye tatu nikajikuta nimepiga magoti.

Sikuwa nimewahi kuliona darasa langu kutoka huku.
Mbao za chini hazikupigwa randa.
Kuna chingamu za miaka na miaka, ngumu kama kokoto,
na jina lililochongwa kwa msumari, la kijana
niliyemtoa nje wakati fulani kwa kutosikiliza.
Na viatu, viatu vya watoto hamsini na mmoja,
vyote vimetugeuzia pua.

Nikapekua mfuko wa sweta. Kizibo sikuwa nacho.
Nilikuwa na kipande cha chaki.
Nikakizungusha.
Chaki haizunguki vizuri. Inabingirika kombo, inajiendea.
Nyaboke akaitazama mpaka ilipogota kiatu cha mtu.
Hakunyoosha mkono.
Kengele ya kwanza ikalia.